Kaka, kabla hujaja Yorkshire

Kaka, shikamoo.

Shangazi ameniambia mnakuja mwezi wa tisa kumleta kijana chuoni York, huku Uingereza. Nimefurahi, na nimeudhika kwamba nimelisikia kwa Shangazi. Kaniambia pia kwamba unataka kuona "huko porini anakozurura". Kijana anasema ni maneno yake. Kijana huyo tangu azaliwe hajawahi kutamka neno kuzurura, kwa hiyo najua limetoka wapi.

Haya, nikuelekeze.

Helmsley ni mji mdogo. Katikati kuna uwanja wa soko, nyuma yake ngome iliyobomoka, chini mto Rye. Soko ni Ijumaa, lakini najua Ijumaa yako, basi njooni Jumamosi. Njia inaanzia hapohapo mjini. Inaitwa Cleveland Way, ilifunguliwa 1969, na ukiifuata yote ni kilomita 175, inazunguka nyanda za juu za North York Moors halafu inashika pwani mpaka Filey. Hatuimalizi, magoti yako nayajua. Tutakwenda Rievaulx, kama kilomita 5, na kurudi. Ukiwahi kupotea, tafuta kwenye nguzo alama ya tunda la mwaloni. Mshale wa njano ni wa waendao kwa miguu tu, wa buluu hata farasi na baiskeli wanapita. Ramani ninayo, Explorer OL26, ile ya jalada la chungwa, na njia za miguu zimechorwa humo kwa vistari vya kijani. Yale maua ya zambarau ya kule juu, ambayo wageni wote wanayafuata, yanachanua Agosti. Mkija mwisho wa Septemba mtakuta yamekauka, msinilaumu.

Kitakachokushangaza ni kwamba unakatiza katikati ya shamba la mtu, naye yuko kwenye trekta anakupungia mkono. Si hisani, ni sheria. Tangu sheria ya 1949 njia hizi zinaandikwa kwenye ramani rasmi, na mkulima akilima juu ya njia inampasa airudishe. Hawakuipata hivihivi. Tarehe 24 Aprili 1932 vijana wa viwandani kutoka Manchester walipanda kwa nguvu mlima wa Kinder Scout, uliokuwa umefungwa ili mabwana wawinde ndege, na watano kati yao walifungwa jela. Kwa ajili ya kutembea, Kaka! Kwetu njia ya kisimani inapita migombani kwa jirani na hakuna anayeuliza, mpaka siku mtakapogombana. Wewe na yule jirani wa chini mnalijua hilo kuliko mimi.

Ng'ombe wenye ndama usipite kati yao, zunguka. Usiniambie umechunga. Wale uliowachunga walikuwa wanakujua.

Halafu kuna geti. Ni geti dogo la chuma lililowekwa ndani ya kizimba cha nusu duara: unaingia, unajibana pembeni, unalisukuma likupite tumboni, ndipo unatokea upande wa pili. Mtu anapita, ng'ombe hapiti. Nataka tukifika hapo tusimame, maana ndilo geti la ile picha.

Mama alifariki alfajiri. Nilikuwa zamu ya usiku, namgeuza bibi mmoja kitandani, simu ikatetemeka mfukoni. Mkapanga kuzika baada ya Alasiri, saa kumi ya kwenu, saa nane ya huku. Piga hesabu mwenyewe. Pasipoti yangu ilikuwa uhamiaji, nasubiri kibali kipya, nawe ulilijua hilo. Lakini hata ingekuwa mkononi, ni ndege gani ingenitoa huku asubuhi ikanifikisha Lushoto saa kumi? Na hata ningefika, makaburini nisingekwenda. Ningebaki ndani na wanawake wenzangu, mkekani. Hilo la mkeka ndilo lililonitoa chumbani. Msibani hakuna anayelia peke yake, na mimi nilikuwa na kitanda, kiti na dirisha linalotazama ukuta. Nikavaa koti nikatoka.

Shangazi akauliza kwenye kundi: mwanangu, uko wapi, uko na nani? Nikapiga picha palepale getini, mkono wangu umeshika chuma, nyuma kondoo. Nikaandika: niko nje, natembea, namsomea Yasini. Nikateremka msituni, na bonde lile mtandao hauingii.

Saa nane ilinikuta Rievaulx. Ni magofu ya abasia, kuta ndefu mno zisizo na paa. Watawa waliianza 1132, Mfalme Henry wa Nane akaifunga 1538. Kuingia ni kwa tiketi, mimi nilisimama nje barabarani. Ni mahali pa ibada ya wengine, najua, na najua utakavyolichukua. Niliinua mikono nikamwombea Mama pale pale.

Kupanda kurudi, nilipofika juu, simu ikaanza kulia mfululizo. Innalillahi, Innalillahi, Mungu amrehemu, halafu wewe: "Tembea salama, mtalii." Chini yake vicheko viwili. Wenye vicheko nawajua, na wao wanajua ada zao nani alilipa. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro ya kwenu. Udongo wa kaburi ulikuwa haujatoka kwenye kucha zako, ukapata vidole vya kuniandikia hilo.

Mtalii, mimi! Ni wewe uliyenishika mkono asubuhi za masika ile njia ya Magamba, matope mpaka magotini, begi langu na lako vyote mgongoni kwako. Sijasahau. Unadhani nilijifunzia wapi kutembea? Umekuwa ukiwaambia watu Mama hakuwa mtu wa hasira. Alikuwa nazo, Kaka. Siku ile ya habari ya baiskeli ya Mjomba (sitaiandika hapa, watu wanasoma) hakusema neno. Alijitwika kikapu cha peasi akashuka Soni kwa miguu, na magari yalikuwepo. Aliporudi jioni akapika, akatuita tule. Hasira alizimaliza njiani. Sasa mtoto wake akifanya hivyo hivyo siku ya kumzika, anaitwa mtalii kwa sababu njia yenyewe ina wazungu?

Wenzangu kazini husema muda unaponya. Mwaka umepita na bado nikifika kwenye geti lile nalisukuma kwa hasira.

Kwa hiyo nina ombi moja. Usiniombe radhi pembeni kwa simu, utanilainisha kwa utani kama kawaida yako, nami nitacheka. Andika kwenye kundi lile lile, wale wale wasome, wakiwemo wa vicheko. Ukishaandika, nitumie saa mnayotua, na namba ya kiatu chako. Viatu vyako vya ngozi havifai kwa matope ya huku. Vya kijana nimeshanunua.