Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Kwa Nini Tulianza na Reli, Umeme na Hati za Viwanja

Ndugu Wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaoisha. Chama chetu kiliundwa ili tujifunze na kufundishana jinsi miji na uchumi wa kanda unavyosimama tena baada ya vita, na kwa upande huo tumefanya kazi. Mikutano ya robo mwaka ilifanyika yote. Jarida lilitoka, ingawa toleo moja lilichelewa kwa sababu walioahidi makala hawakuzileta. Maktaba imepokea vitabu na ramani kutoka kwa wafadhili wetu wale wale wachache. Kikundi cha vijana kinaendelea vizuri. Katibu ameambatisha mihtasari ya vikao, kwa hiyo sitawasomea yale mliyoyaona wenyewe, au ambayo mngeyaona kama mngefika.

Naomba muda uliobaki niutumie kwa jambo lililozungumzwa sana pembeni na kidogo mno ukumbini: uamuzi wa Kamati Tendaji wa kuahirisha maonesho ya picha za miji iliyojengwa upya, na kuzielekeza fedha zake kwenye masomo ya reli, bandari, umeme na haki za ardhi.

Nianze na utaratibu, maana hapo ndipo nimetuhumiwa mimi binafsi. Barua iliyosainiwa na baadhi ya wanachama inadai kwamba Kamati ilijitwalia mamlaka ya Mkutano Mkuu. Ndugu zangu, mkutano maalumu uliitishwa mara mbili kwa ajili ya jambo hili hili, na mara zote mbili akidi haikutimia. Katiba inasema wazi kwamba ikiwa hivyo, Kamati itaamua. Tuliamua kwa kura, na kura hizo zimeandikwa. Kuna waliosaini barua ambao hawakuonekana katika mkutano wa kwanza wala wa pili. Orodha za mahudhurio ziko kwa katibu; anayetaka azitazame.

Sasa hoja yenyewe. Barua inasema kwamba mji ni majengo yake, na kwamba chama kinachozungumzia ujenzi mpya bila kuonesha Warsaw ya Poland, Le Havre ya Ufaransa na Daraja la Mostar la Bosnia kimepoteza roho yake. Nawaheshimu walioandika hayo. Baadhi yao ni wasanifu majengo walionifundisha mengi. Lakini naomba tuitazame hiyo hiyo Warsaw. Ilipofika Januari 1945, takriban asilimia 85 ya majengo yake yalikuwa yameharibiwa. Mji Mkongwe ukajengwa upya kwa uangalifu mkubwa, mafundi wakirejea hata michoro ya Bernardo Bellotto ya karne ya 18, na mwaka 1980 UNESCO ikauingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Hayo yangeonekana kwenye picha zetu. Yasiyoonekana ni kwamba matofali mengi sana yalisafirishwa kutoka Wrocław na miji mingine ya magharibi ambayo Poland iliipata kutoka Ujerumani, na huko yalibomolewa hata majengo ambayo yangeweza kukarabatiwa. Kanda moja iliilipia nyingine. Pia haionekani amri ya tarehe 26 Oktoba 1945 iliyoihamishia manispaa ardhi yote ya mji. Nakubali kwamba bila amri hiyo wataalamu wa mipango miji wangekwama kwenye maelfu ya viwanja vidogo. Lakini zaidi ya nusu karne baadaye warithi wa wamiliki wa zamani walikuwa bado wanadai, na wakazi wakawa wanaondolewa katika nyumba walizoishi miaka na miaka. Hilo ni somo ambalo watu wanaojenga upya leo wanalihitaji kuliko picha ya uwanja wa soko uliopakwa rangi.

Na Mostar? Daraja la karne ya 16 lilivunjwa tarehe 9 Novemba 1993 na kufunguliwa tena Julai 2004. Mimi mwenyewe nimelisifu katika jarida letu, na sijabadilika. Hata hivyo, mji ule ulikaa bila uchaguzi wa baraza lake tangu mwaka 2008 hadi 2020 kwa sababu vyama havikukubaliana namna ya kugawana uwakilishi. Daraja lilisimama, serikali ya mji haikusimama. Kazi iliyogusa kaya nyingi zaidi katika Bosnia ilifanyika kwenye madawati ya maofisa. Kiambatisho cha 7 cha Mkataba wa Dayton wa 1995, uliomaliza vita vya Bosnia, kiliwapa waliokimbia haki ya kurudishiwa makazi yao, na madai zaidi ya 200,000 yakapitiwa moja baada ya jingine, mara nyingi huku familia nyingine iliyofukuzwa kwingine ikiwa inaishi ndani ya nyumba inayodaiwa. Sijui kazi hiyo ungeipiga picha gani.

Beirut, mji mkuu wa Lebanoni, nayo inafaa kutajwa, kwa sababu wajumbe wawili wa Kamati walibadilisha kura zao baada ya kuisoma. Vita vya 1975 hadi 1990 vilipokwisha, katikati ya mji ilikabidhiwa kampuni moja binafsi, Solidere, iliyoundwa mwaka 1994. Wamiliki na wapangaji walipewa hisa badala ya viwanja na vyumba vyao. Majengo yaliyojengwa ni mazuri. Lakini mwenye duka dogo aliyepewa karatasi ya hisa hakurudi kwenye duka lake, na wateja wake hawakurudi pia. Niliuliza Kamati: tukiweka picha za Beirut ukutani, tutamweka wapi mtu huyo? Sikujibiwa.

Kundi la pili la wanaolalamika linasema tumeupunja Mpango wa Marshall, yaani msaada wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya, tukaupa kipindi kimoja tu. Nawajibu kwamba kipindi kimoja kilitosha, kwa sababu watu wengi huuzungumza mpango ule kana kwamba ulikuwa gunia la fedha na hakuna kingine. Fedha zilikuwapo: takriban dola bilioni 13 kwa nchi 16, kuanzia 1948 hadi 1952. Lakini Ujerumani Magharibi ilibadilisha sarafu Juni 1948, na bidhaa zilizokuwa zimefichwa maghalani zikatokea madukani. Mwaka 1952 ikapitisha sheria ya kugawana mzigo wa hasara, ambapo waliobakiwa na mali walitozwa nusu ya thamani yake kwa malipo ya miaka 30 ili waliopoteza kila kitu wafidiwe. Mwaka 1953, kwa makubaliano ya London, wadai wa nje waliikatia takriban nusu ya deni. Na mwaka 1951 nchi sita zilikuwa zimetia saini mkataba wa kuweka makaa ya mawe na chuma chini ya mamlaka moja, ili Ruhr, eneo la migodi na viwanda la Ujerumani, iweze kuzalisha tena bila kuwatia majirani hofu. Hapo ndipo uchumi wa kanda unapoingia. Ruhr ikizalisha, Mto Rhine una mizigo; Rhine ikiwa na mizigo, bandari ya Rotterdam nchini Uholanzi ina kazi. Mji ule ulipigwa mabomu tarehe 14 Mei 1940. Wapenzi wa usanifu wanaikumbuka Lijnbaan, mtaa wa maduka usio na magari uliofunguliwa mwaka 1953. Kilichoulipia mji ni gati, na kufikia mwaka 1962 bandari yake ilikuwa ndiyo yenye mizigo mingi kuliko zote duniani.

Kipindi cha Angola nilikitayarisha mimi, na waliofika watashuhudia kwamba kilikuwa na mjadala mkali kuliko vyote vya mwaka. Vita vilikwisha mwaka 2002. Serikali ilijenga Kilamba nje ya Luanda, mji mpya uliozinduliwa mwaka 2011, na fleti nyingi zikakaa tupu hadi bei iliposhushwa mwaka 2013, kwa sababu waliokuwa wakihitaji nyumba hawakuwa na kipato cha kuzinunua. Katika miaka hiyo hiyo ilikuwa inafufuliwa Reli ya Benguela, kilomita 1,344 kutoka bandari ya Lobito hadi Luau mpakani mwa Kongo, reli ambayo vita viliikata na kuyaacha madini ya shaba ya Katanga nchini Kongo na ya Zambia yatafute bahari nyingine. Ilifunguliwa tena mwaka 2015. Reli hiyo nayo ina lawama zake, hasa kwamba mizigo ilichelewa kuja. Lakini naamini kwa dhati kwamba Lobito, Huambo na Luau zitaendelea kuongezeka au kudumaa kwa kadiri ya treni zinazopita, na hakuna uchoraji wa mitaa utakaobadilisha hilo.

Liberia inafundisha jambo hilo kwa upande wa umeme. Bwawa la Mount Coffee lililoulisha Monrovia liliharibiwa mwaka 1990. Vita vilikwisha mwaka 2003, taa chache za barabarani ziliwashwa kwa jenereta mwaka 2006, na bwawa halikuzalisha tena hadi Desemba 2016. Kwa miaka yote hiyo mwenye kiwanda au jokofu la samaki alitegemea dizeli, nishati ya bei ghali. Msumbiji nayo ilisafisha mabomu ya ardhini kuanzia amani ya 1992 hadi ilipotangazwa kuwa haina mabomu hayo mwaka 2015. Wachumi Giorgio Chiovelli, Stelios Michalopoulos na Elias Papaioannou walifuatilia mwanga wa taa za usiku kama kipimo cha shughuli za uchumi, wakaona faida kubwa zaidi ilipatikana pale mabomu yalipoondolewa kwenye reli, barabara na vituo vya biashara, kwa sababu eneo moja likifunguka huwafungulia na walio mbali. Laiti wateguaji wangeelekezwa huko tangu mwanzo! Ndiyo maana nasema mpangilio wa nini kitangulie ni suala la maisha ya watu.

Mwanachama mmoja aliniuliza kwa haki kabisa: kama wachumi Donald Davis na David Weinstein walionesha mwaka 2002 kwamba miji ya Japani iliyopigwa mabomu ilirudi kwenye nafasi yake ndani ya miaka kama 15 hadi 20, na Edward Miguel na Gérard Roland wakakuta hali inayofanana nchini Vietnam, tunajihangaisha na nini? Nilimjibu, na narudia hapa, kwamba katika nchi hizo mbili vita vilikwisha kweli, serikali moja ilibaki ikitawala, na watu waliweza kurudi na kuuza walichozalisha. Mahali ambapo kimoja kati ya hivyo kinakosekana, mji haujirudishi wenyewe.

Na haya si ya zamani tu. Tathmini ya Februari 2025 iliyofanywa na Benki ya Dunia, Umoja wa Mataifa, Umoja wa Ulaya na serikali ya Ukraine ilikadiria mahitaji ya nchi hiyo kuwa dola bilioni 524 kwa miaka kumi. Makazi ni takriban bilioni 84, usafiri 78, nishati na madini 68, biashara na viwanda zaidi ya 64, kilimo zaidi ya 55. Jumlisheni wenyewe mwone nyumba ni sehemu gani ya kazi. Kwa Gaza, makadirio ya mwezi huo huo yalikuwa dola bilioni 53.2. Watakaopanga matumizi ya fedha hizo watabishana kama tunavyobishana hapa, na nilitaka chama hiki kiwe na la kusema.

Maonesho hayajafutwa. Yameahirishwa. Aliyesambaza maneno kwamba mwenyekiti anachukia kumbukumbu za watu amenikosea, nami sitamtaja.

Nije kwenye mahudhurio na ada, ambako ndiko matatizo yetu mengi yanakoanzia. Waliolipa ada kwa ukamilifu hawafiki nusu ya wanachama. Wapo wanaodaiwa ya mwaka huu, ya mwaka jana na ya mwaka juzi, na wapo miongoni mwao waliosimama kwa sauti kubwa kudai maonesho. Maonesho yangelipiwa na nani? Hata fedha tulizozielekeza kwenye masomo zisingetosha kukodi ukumbi wa maonesho, na hili mhazini alilieleza kwa maandishi kabla ya kura. Kipindi cha Rotterdam kilihudhuriwa na watu wasiojaza safu mbili za viti, ilhali msemaji alijitayarisha kwa wiki nyingi bila malipo. Nilimwomba radhi kwa niaba yenu. Gharama za uchapaji wa toleo la mwisho la jarida zilitoka mfukoni mwangu, na sijadai kurudishiwa. Nayataja kwa sababu imeandikwa kwamba uongozi unafaidika. Kamati inapendekeza kwamba anayedaiwa zaidi ya mwaka mmoja asipige kura, na pendekezo hilo liko kwenye ajenda ya leo.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda na ada zikiingia, kuendelea na masomo ya kanda, pengine kwa kuitazama Mosul nchini Iraki, ambako vita vya mwaka 2017 viliacha mamilioni ya tani za kifusi na watu waliorudi bila hati za nyumba zao. Tunatumaini kuchapisha waraka wa chama kuhusu haki za wapangaji na wamiliki katika miji iliyobomolewa. Maonesho tutayarudia hali ikiruhusu, na nimependekeza kwamba kila picha iwe na maelezo ya nani alimiliki kiwanja kile kabla ya vita na nani anakimiliki sasa. Wasanifu wetu wakikubali kuiandaa kazi hiyo pamoja nasi, nitafurahi sana. Nafasi mbili za ujumbe wa Kamati ziko wazi, na fomu ziko kwa katibu.

Nawashukuru wajumbe wa Kamati Tendaji, hasa mhazini, kwa kusimama nami katika kipindi kigumu. Nawasilisha taarifa hii ijadiliwe, kisha mhazini atawasomea hesabu.

Mwenyekiti