Namba ya umri inabaki Ulaya, lawama zinakuja Igoma

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kuandika neno. Safari hii siwezi kukaa kimya, maana ile habari yenu kwamba mabanda ya gemu yanaharibu watoto wa Mwanza imenigusa mimi na riziki yangu.

Nina banda la gemu hapa Igoma. Mwandishi wenu amesema mabandani watoto wanafundishwa kuua na kuiba. Kwa gemu ipi? Hakutaja hata moja. Na picha mliyoichapa juu ya habari hiyo inaonyesha vijana wameshika pedi, kwenye skrini kuna nyasi, kuna mistari ya uwanja, kuna goli. Ule ni mpira, Mhariri! Gemu za mpira za kampuni ya EA Sports huko Ulaya zimekuwa zikibandikwa namba 3, yaani mtoto wa miaka mitatu anaruhusiwa kuzicheza.

Namba hizo si siri. Marekani walianza mwaka 1994, baada ya maseneta wao kuja juu kwa sababu ya damu kwenye gemu ya mapigano ya Mortal Kombat. Watengenezaji wakaona heri wajipangie wenyewe kabla ya serikali kuwapangia, wakaunda ESRB, bodi ya kupanga umri wa gemu, inayotumia herufi: E ni ya wote, T ni kuanzia miaka 13, M kuanzia 17. Ulaya wakaja na mfumo wao, PEGI, mwaka 2003, wenye namba 3, 7, 12, 16 na 18. Grand Theft Auto V, gemu ya ujambazi, ni 18. Aliyeiuza mwenyewe ameandika kwenye kava kwamba si ya mtoto.

Tatizo ni kwamba kava halifiki Mwanza. Mashine nyingi za mabandani ni PlayStation zilizokwishatumika na kuchakachuliwa ili zisome gemu za kunakili. Unampelekea fundi, anakujazia gemu kwenye hadi diski, unarudi na orodha ya majina matupu. Mpira uko mstari wa juu, bunduki mstari wa chini, na mtoto anabonyeza jina linalomvutia. Namba imebaki kwenye kava, kava limebaki kwa mwenye duka la ng'ambo. Mimi nilikaa na simu nikatafuta namba ya kila gemu, nikaziandika kwa maka peni nyeusi kwenye manila iliyoko ukutani, na zote za 18 nikazifuta kwenye mashine. Kuna vijana wakubwa walinihama kwa ajili hiyo, wakaenda kwenye mabanda yasiyouliza mtu umri.

Sasa sikiliza malipo yangu. Habari yenu haijapoa, akaja kiongozi mmoja wa mtaani na mgambo wawili. Hawakuangalia manila. Hawakuuliza gemu ipi inachezwa. Wakazima mashine mtoto akiwa katikati ya mechi aliyolipia, wakakusanya pedi, halafu wakauona mkeka wangu wa dansi. Mkeka huu niliupata kwenye vitu vya mtumba, una mishale minne, mbele, nyuma, kushoto na kulia. Muziki unapiga, mishale inapanda kwenye skrini, nawe unakanyaga kwa kufuata mdundo. Ni gemu ya kampuni ya Konami, ilianzia Japani mwaka 1998. Ndiyo gemu pekee inayowaleta mabinti bandani kwangu, na wanacheza mpaka jasho linawatoka, wanashangiliana, wavulana wanawapisha. Yule kiongozi akasema huo ni muziki wa kihuni, mkeka ukakunjwa ukaondoka nao. Hakusikiliza hata wimbo mmoja! Wenzetu kabla ya kubandika herufi wanasikiliza mpaka maneno ya nyimbo: Guitar Hero ya mwaka 2005, gemu ya kupiga gitaa la plastiki, haina risasi hata moja, na bado Marekani waliipa T. ESRB wana onyo maalumu kwa ajili ya mashairi ya nyimbo. Huko ndiko kulinda mtoto. Kubeba mkeka kwapani si kulinda mtoto.

Na wakati wanaubeba, walipita mbele ya duka la jirani ambalo mlangoni pana mashine ya dubwi, ile ya kamari ya sarafu. Nayo ilikuwa inawaka taa. Mtoto wa shule ya msingi, na sare yake, alikuwa ameshika sarafu mkononi. Wakampita. Mhariri, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ipo tangu mwaka 2003 na inakataza aliye chini ya miaka 18. Ulaya, tangu 2020, gemu mpya inayofundisha kamari inapewa 18 hata kama pesa yenyewe ni ya kuchora tu kwenye skrini. Hapa kwetu kamari ya pesa halisi, ya nauli na ya chakula cha mchana, iko dukani kunakouzwa daftari, na mwandishi wenu hakuiona. Nendeni Mabatini, nendeni Nyakato, hesabuni wenyewe.

Filamu zina Bodi ya kuzikagua, chini ya Sheria Namba 4 ya mwaka 1976, miaka 18 kabla ya PlayStation ya kwanza kuuzwa Japani. Mimi sijawahi kuona kibandiko cha umri cha hapa nchini kwenye gemu yoyote iliyoingia bandani kwangu. Basi naomba hivi. Fundi anayejaza gemu alazimishwe kuandika namba ya umri mbele ya kila jina kwenye orodha. Ni kazi ya jioni moja. Kila banda liwe na ubao wa njano juu ya skrini wenye namba ya gemu inayochezwa, namba yenye urefu wa kiganja cha mtu mzima, ili mzazi anayepita barabarani aisome bila kuingia. Mwenye sare asiingie kabla ya saa kumi jioni. Dubwi liondolewe kwenye maduka yote yaliyo kwenye njia ya shule. Ubao wangu nitaununua mwenyewe.

Na mwandishi wenu akija tena Igoma, aandike jina la gemu aliyoikuta kwenye skrini na namba yake. Mkeka wangu nao naudai.

Mama mwenye banda,
Igoma, Mwanza