Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mafunzo ya Afya: nani anamfundisha msimamizi wa wanafunzi wodini?

Ndugu Mkurugenzi,

Kwa heshima zote nakuandikia hadharani, kwa kuwa barua mbili nilizozipitisha kwa wakuu wangu wa kazi hazikujibiwa, na kwa kuwa jambo lililotokea wodini kwetu wiki iliyopita haliniruhusu kuendelea kungoja.

Mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili alikuwa amemaliza kumtoa mgonjwa damu asubuhi. Alipojaribu kurudisha kifuniko kwenye sindano, ikapita glavu na kumchoma kidole cha shahada. Hakumwambia mtu. Alivua glavu, akanawa, akaendelea kupima presha kitanda kwa kitanda, na mimi nilikuja kuambiwa kesho yake mchana, amekishika kile kidole kana kwamba bado kinavuja. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya ajali kama hiyo hutakiwa kuanzwa mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita. Alizipata, lakini siku nzima ilikuwa imeshapotea. Nilipomuuliza sababu ya kunyamaza, alinijibu, "Sista, niliogopa utaniandikia vibaya kwenye kitabu."

Jibu hilo linaniuma kuliko sindano yenyewe, kwa maana msimamizi wake ni mimi. Siku ile tulikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa 31, na wanafunzi walikuwa 9. Sijawahi kusimama pembeni yake nikamtazama anatoa damu tangu mwanzo hadi mwisho, na hata hivyo sahihi yangu imo kwenye kitabu chake ikishuhudia kwamba anaweza. Niliiweka wakati wa kukabidhiana zamu, vitabu 9 vikiwa vimepangwa mezani na wenyewe wakisubiri gari la chuo. Naliandika hili nikijua linaweza kunigharimu.

Ndugu Mkurugenzi, mimi sijafundishwa kusimamia wanafunzi hata siku moja. Nilikabidhiwa kwa sababu nina miaka mingi wodini. Ninachokijua nimekitafuta mwenyewe usiku, baada ya kazi: kwamba George Miller, mtaalamu wa elimu ya udaktari, alieleza mwaka 1990 tofauti kati ya kujua, kujua namna, kuonyesha na kutenda katika kazi halisi, ambayo ndiyo tofauti niliyoifuta kwa kalamu yangu, na kwamba tangu mwaka 1992 ipo njia fupi iliyobuniwa na madaktari wa Marekani kwa ajili ya mahali penye kazi nyingi, ambapo unamuuliza mwanafunzi anaonaje na kwa nini, unamfundisha kanuni moja, unamtajia alichokifanya vizuri, kisha unamsahihisha alipokosea. Nilikuwa nikianza na kusahihisha, na mara nyingi nikaishia hapohapo. Ndiyo maana aliniogopa.

Uingereza, kwa viwango vya Baraza la Uuguzi na Ukunga vya mwaka 2018, ilitenganisha kazi hizi: msimamizi anayemwongoza mwanafunzi kila siku siye anayempitisha au kumfelisha. Kwetu mtu mmoja hufanya yote mawili, tena huku akigawa dawa.

Mwaka juzi uliahidi mbele yetu kwamba kila wodi inayopokea wanafunzi itakuwa na msimamizi aliyepata mafunzo, nasi tulikupigia makofi kwa moyo mweupe. Tangu siku ile wanafunzi wameongezeka, na kilichotufikia ni fomu mpya ya tathmini, ndefu kuliko ile ya zamani. Nadhani chuo kinaamini kuwa hospitali inatuandaa, na hospitali inaamini kuwa chuo kinatuandaa. Tena, kwa vile usimamizi hauonekani kwenye ratiba ya zamu, huenda hata kwenye bajeti hauonekani. Kama nimekosea, nitashukuru kuelezwa.

Tunahitaji mafunzo ya kusimamia na kutathmini. Tunahitaji mwalimu wa chuo afike wodini, asiishie ofisini kwa muuguzi kiongozi, na tunahitaji mtu wa kumwendea pale tunapoona mwanafunzi hafai kupita nasi tunaogopa kulisema. Najua hayo yatachukua muda. Basi, wakati tunayasubiri, naomba moja tu: saa moja katika kila zamu, iliyoandikwa kwenye ratiba, ambayo wagonjwa wangu wanashikwa na muuguzi mwingine nami nasimama na mwanafunzi kando ya kitanda nikimtazama anavyofanya. Saa moja iliyoandikwa, Ndugu Mkurugenzi, si ya kuombwa kwa hisani ya mwenzangu ambaye naye amechoka.

Mwanafunzi yule bado anameza dawa na anasubiri kupimwa tena. Kundi jipya linaingia Jumatatu, na ratiba ya zamu imeshabandikwa ukutani bila saa hiyo. Naomba irekebishwe kabla hawajafika.

Wako katika kazi,
Muuguzi msimamizi wa wanafunzi