Adapta ibaki chini

Kaka Shaibu,

Salaam sana. Sisi wazima, na ninyi natumaini hamjambo. Naandika mbio mbio kwa sababu Mwanaidi kanipigia jana kusema fundi anakuja Jumamosi kuunga soketi darini kwa ajili ya ile ruta ya volti 12. Mzuie kwanza, tafadhali.

Najua atafuata waya wa taa ya sebuleni, maana upo palepale. Lakini laivu, yaani waya wenye moto, inayofika kwenye taa imepitia swichi: mkizima taa mkalale, na ruta inazima. Itabidi atafute laivu isiyopita swichini, na hapo ndipo wengi wanaposokota nyaya na kuzizungushia utepe bila boksi. Chini ya mabati, saa nane mchana, gundi ya utepe inaachia. Panya nao wanatafuna. Halafu adapta, kile kiboksi kinachoshusha umeme wa ukutani kuwa volti 12, nyingi zimetengenezwa kwa joto lisilozidi nyuzi 40, na dari ya bati hupita hapo kwa urahisi.

Kwa hiyo adapta ibaki chini, kwenye soketi ya ukutani, zipande volti 12 tu. Tumia waya wa shaba wa nyuzi mbili. Ukichukua wa milimita mraba 0.5 kwa mita 10, kwenda na kurudi ni mita 20, ukinzani wake kama omu 0.7. Ruta ikivuta ampea 1, unapoteza volti 0.7, inafika 11.3, na ruta nyingi za volti 12 hazilalamiki. Kingekuwa kifaa cha volti 5 ingefika 4.3, kikawa kinazima na kuwaka chenyewe, nanyi mkalaumu mtandao. Hapo ungehitaji waya wa 1.5, unaopoteza kama volti 0.23 tu. Waya upitishe kwenye paipu ya milimita 20, hata kama ni volti ndogo. Panya hawasomi volti.

Kabla ya kuchomeka, pima kwa mita ya kupimia volti: ncha nyekundu ndani ya tundu la plagi, nyeusi pembeni. Mita ikionyesha alama ya kutoa, umegeuza nyaya, na ruta nyingi hazisamehe kosa hilo. Angalia pia mchoro ulio nyuma ya ruta. Kwa kawaida chanya iko katikati.

Tena umeme ukikatika, betri ya volti 12 unaiunga mahali pa adapta ukiwa umesimama sebuleni, bila kupanda ngazi. Ndiyo maana narudia: adapta chini.

Sasa nijibu. Adapta imeandikwa ampea ngapi? Plagi ni ya milimita 2.1 au 2.5? Ukipima kwa kamba, kutoka soketi hadi ruta itakapokaa ni mita ngapi? Fundi mmeshamlipa kitu? Na bibi, mguu unaendeleaje?

Nduguyo,
Bakari