Shukrani kwa dada wa steshenari, Moshi

Mimi ni Mkenya, nilifundisha hapa Moshi kwa kibali cha ukaazi daraja B. Mume wangu, Mtanzania, alipooza miguu kwa ajali ya bodaboda, nikaacha kazi nimuuguze. Kibali kile hutegemea ajira, nami sikuwa nayo tena. Nilichanganyikiwa.

Dada, ulisoma karatasi zangu moja moja, ukaniambia niende Uhamiaji mapema, nisingoje. Ukanichapia barua, ukaskani cheti cha ndoa. Intaneti ilikatika mara tatu, mara tatu ukaanza upya, hadi saa mbili usiku. Asubuhi ulifunga duka, ukatusaidia kumpakia mume wangu kwenye bajaji, kiti mwendo umekipakata mwenyewe. Hela ukakataa: "Mnunulie shemeji maziwa."

Wenye steshenari, mkiona mtu anageuzageuza makaratasi mlangoni, mpeni kiti.

Aika sana, yaani asante kwa Kichaga, dada yangu.