Barua kwa sahibu wa Wete: usiizibe boti kabla hujajua inapoumia

Nungwi, Unguja

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, ila mvua tu haitupi nafasi. Picha za boti nimezipata, nimezikuza mpaka macho yakaniuma. Hongera kwa boti hiyo ya faiba. Halafu huyo fundi wa magari mwambie puti yake abaki nayo. Puti ya gari inanyonya maji. Kwenye mlango wa daladala itakaa, chini ya mstari wa maji itavimba na kubanduka.

Naona majeraha mawili, na dawa yake si moja. Ule mkwaruzo wa omoni, ulipokula mwamba, ni wa juujuu. Jelikoti, yaani ile ngozi ngumu ya nje inayoifunika faiba, ni tabaka jembamba tu, karibu nusu milimita, na kwenye picha sioni nyuzi za faiba zilizotokeza. Huo usikunyime usingizi.

Wasiwasi wangu ni zile nyufa zilizozunguka chuma cha kufungia kamba ya nanga. Jelikoti ni ngumu, haikubali kupindwa, na faiba iliyo chini yake inapinda. Kamba ikivuta kila siku, faiba inacheza, jelikoti inapasuka. Ukiziba kwa nje tu zitarudi palepale. Ingia ndani utazame skrubu za kile chuma zimeshika nini. Kama hamna ubao wala bamba, basi sababu umeipata: tia bamba pana, ongeza mati ya faiba (mkeka wa nyuzi) na rezini, gundi yake, kwa ndani, ndipo utoke nje ushughulikie nyufa. Na kabla ya yote chukua sarafu, gonga pole pole kuizunguka sehemu ile. Faiba nzima inalia kavu, ko ko ko. Ikijibu kwa sauti nzito iliyofifia, tabaka zimeachana. Hapo usiguse kitu mpaka nije.

Wewe umekulia kwenye mashua za mbao, ndiyo maana nakusisitiza hili. Mbao ukishaitia kalafati, ile pamba ya kuziba maungo, na kuipaka deheni ya mafuta, unaihimiza irudi majini, inywe, ivimbe, ijifunge. Faiba haitaki hivyo. Ivute juu kwa bamvua, maji yakijaa sana, mvua zikishakatika, ioshe kwa maji ya bomba chumvi itoke, kisha iache ikauke kivulini wiki na zaidi. Watu watakucheka kwa kuiweka boti juu siku zote hizo. Waache wacheke.

Ufa usiupake juu. Ufungue kwa ncha ya bisibisi iliyonolewa uwe kama herufi V, uparuze kingo kwa msasa, upanguse kwa asetoni na kitambaa safi, upande mmoja, bila kurudirudi. Zungushia tepe.

Sasa hadena, ile dawa ya kuigandisha jelikoti, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, maana mafundi wetu wanamimina kwa kukisia. Kwa gramu 100 za jelikoti, hadena ni mililita 2. Jua likiwa kali punguza uelekee 1, lakini usishuke chini ya hapo, haitakauka kabisa. Nunua bomba la sindano duka la dawa upimie. Changanya kidogo kidogo, asubuhi, kwa sababu kwenye joto letu itakugandia koponi kabla hujamaliza. Vaa miwani: hadena ikiruka jichoni inaweza kukupofua. Ikikupata, osha kwa maji mengi papo hapo dakika 15 bila kuacha, kisha hospitali. Wala usiichanganye na asetoni kamwe.

Jaza ufa kwa jelikoti izidi kidogo, kwani ikikauka inanywea. Kisha ifunike kwa nailoni laini, uibonyeze hewa itoke. Jelikoti isiyo na nta ikiachwa wazi, juu inabaki inanata hata ungoje mpaka kesho. Ikishakuwa ngumu, bandua, uanze na msasa wa maji namba 400, kisha 600, 800, 1000, kwa maji ya sabuni. Msasa uzungushie kipande cha ndala kuukuu. Vidole vitupu vinachimba mashimo. Malizia na polishi.

Rangi haitalingana mara ya kwanza. Nyeupe yako imekwisha kuchomwa na jua, kwa hiyo polishi kwanza eneo la jirani, ndipo utalinganisha. Tone moja la rangi ya manjano au kahawia ndani ya jelikoti hutosha. Mimi nisingejitesa sana na rangi chini ya mstari wa maji, samaki hawaulizi.

Msasa na bomba nitampa shemeji yako akivuka. Jelikoti na hadena uliza kwanza madukani huko Chake Chake. Vitu hivi vinashika moto, sitaki kuvitia kwenye mizigo ya meli ya abiria. Ukishagonga na sarafu nipigie simu, tena uniwekee simu karibu niusikie huo mlio.

Wasalimie wazee na watoto.

Wako wa siku zote