Msizikate rekodi za sauti za usiku

Mhariri,

Rekodi za milio ya ajabu ya usiku msituni husambazwa karibu zote zikiwa zimekatwa: sekunde 5 za ukelele, na swali, "Mnyama gani huyu?" Aliyekata alidhani anamrahisishia msikilizaji kazi, kumbe ametupa kipande chenye jibu.

Mchukueni perere, mnyama mdogo wa mtini, jamaa ya pimbi. Dume lake haliingii na ukelele moja kwa moja. Huanza na mikwaruzo mizito, kama mlango wenye bawaba kavu, taratibu kwanza. Kisha mikwaruzo inapanda na kukaribiana, mpaka vinafika vile vilio vya mtu anayekabwa koo. Ukibakiza vilio hivyo tu, kila mtu atataja mnyama wake. Komba mkubwa naye hulia kama mtoto mchanga, kwa hiyo "analia kama mtu" hakumtambulishi yeyote.

Milio midogo ndiyo inayodanganya zaidi. Wapo popo wala matunda ambao dume hutoa "ting, ting" ya chuma kinachogongwa, kwa mwendo usiobadilika, na watu wakasema chura. Yupo bundi mdogo anayetoa "prrp" moja, akanyamaza sekunde 5 hadi 8, akarudia. Hapo alama kubwa ni kile kimya cha katikati, nacho ndicho kinachokatwa kwanza.

Anayerekodi na aache kifaa kiendelee dakika 2 kabla ya kukizima, hata kama mlio umekoma. Achague faili la WAV, yaani lisilobanwa, sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 au 48,000 kwa sekunde. Azime kipunguza kelele na kirekebisha sauti cha simu: cha kwanza humeza mlio kikidhani ni kelele, cha pili hupandisha sauti hafifu hadi usijue kama mnyama yu karibu au mbali. Simu aiweke juu ya kitu, asiishike; vidole vikisugua kava husikika kama nyayo, na hapo hadithi za majini huanza. Mwishoni ataje kwa sauti saa, tarehe, mahali, hali ya mvua, na kama mlio ulitoka chini au juu mtini.

Kisha atazame spektrogramu, yaani picha inayoonyesha sauti nzito chini na nyembamba juu kadiri muda unavyokwenda, kwa programu ya sauti ya Audacity kwa mfano. Bundi wengi huonekana kama mistari laini chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 1,000. Nyenje ni mkanda bapa, mara nyingi kati ya hezi 3,000 na 8,000, unaoendelea bila kuchoka. Mlio wa mbali husomwa kwa tahadhari, maana majani hunyonya sauti nyembamba na kubakiza nzito.

Programu ya BirdNET, inayotambua ndege kwa sauti, inasaidia, ila huchambua vipande vya sekunde 3 na imefunzwa hasa kwa ndege. Ikikutana na perere inaweza kumpa jina la ndege bila aibu. Jina itakalotoa lilinganishwe na rekodi za xeno-canto, tovuti ya sauti za ndege na wanyama wengine, mfuatano mzima kwa mfuatano mzima.

Na faili litumwe kama dokumenti. Likitumwa kama ujumbe wa sauti hubanwa, sehemu za juu zikapotea, na spektrogramu ikabaki nyeusi pale pale tulipohitaji kutazama.

Wasikilizaji wa milio ya usiku